Mama Sikitu na Hatua Ishirini na Mbili za Chumba cha Watoto

Mama Sikitu binti Asumani, mlezi wa Chumba cha Watoto katika dispanseri ya misioni hapa Butembo, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Septemba 1966, baada ya kufanya kazi miaka kumi na tisa na miezi minne. Neno "leo" tumeliandika kwa woga. Programu hii ya sherehe ya kumuaga imepigwa mashine mara tatu. Ya kwanza ilisema 31 Julai, ya pili 31 Agosti, na mara zote mbili maua yalikatwa, mbuzi akafungwa, na Mama Sikitu akakataa kutia sahihi. Mbuzi wa Julai alirudishwa Masereka kwa mwenyewe. Mbuzi wa Agosti alikula programu. Huyu wa leo amekwisha kupikwa, kwa hiyo tunadhani safari hii mambo ni ya kweli.

Aliyepewa kazi ya kuandika ni msaidizi mpya wa chumba, Jokébed, aliyetoka shuleni mwezi wa saba. Walimchagua kwa sababu ya mwandiko wake, na kwa sababu hajui kukataa. Anaeleza aliyoyaona, na yale ya zamani anayaeleza kama alivyoambiwa na wakubwa, ambao hawakubaliani.

Mama Sikitu alizaliwa Beni, katika nyumba ya wachuuzi Waislamu. Mwaka wa kuzaliwa haujulikani. Daftari la misioni lina miaka mitatu tofauti, na yote aliitaja yeye mwenyewe, kufuatana na siku alivyoamka. Mwezi wa tano 1947 aliajiriwa kufagia dispanseri ya kule Beni. Akiwa na ufagio aliwaona watoto waliopatwa na homa ya kupooza wakiletwa, wakipigwa sindano, wakirudi mgongoni kwa mama zao na kuwekwa jikoni karibu na moto, wakae pale mpaka wawe wazee. Jambo hilo lilimuudhi. Wengine huanza kazi kwa wito. Mama Sikitu alianza kwa kuudhika, na hajaacha.

Mwaka wa 1951 sista mmoja Mbelgiji, mjuzi wa kukanda viungo, alimleta Butembo awe anamshikia watoto wakati yeye akinyoosha miguu. Baada ya miaka miwili Mama Sikitu ndiye alikuwa akinyoosha, na sista akishika.

Chumba chetu si hospitali na si shule, na Mama Sikitu amechoka kuwaeleza watu jambo hilo. Tunapokea watoto wa miaka miwili hadi saba. Wapo wenye miguu iliyolegea kama kamba. Wapo waliozaliwa na nyayo zilizogeukia ndani. Wapo wasiosikia, wapo ambao shingo haikai na chakula kinawapalia, na wapo ambao akili yao inakwenda polepole. Asubuhi ni kukandwa kwa mawese, kunyooshwa, na kusimama katikati ya mabomba mawili ya chuma yaliyosimikwa kwa saruji. Halafu ni mkekani: kutenga maharagwe meupe, mekundu na meusi, kushika kijiko, kuimba. Mtoto asiyesikia anawekewa kiganja kooni mwa Mama ili aguse sauti inakotoka. Wazazi wanaochelewa kumleta mtoto hupokewa hivi:

"Miaka sita! Ulikuwa unamungojea akomae kama ndizi?"

Siku za Alhamisi alikuwa akienda Beni kwa kamio, yaani lori, ya kaka yake Kasimu, akikanda watoto wa Mulekera na wa mjini barazani kwa kaka huyo, katikati ya magunia ya chumvi. Kasimu ni mtu mpole. Anasema alipoteza wateja wengi wa chumvi, kwa sababu kila aliyeingia dukani aliamriwa kwanza ashike mguu.

Sasa inabidi kueleza sheria yake, ambayo imetuchosha sisi sote. Toka langoni hadi mlango wa chumba ni hatua ishirini na mbili za mtu mzima. Katika njia hiyo mtoto habebwi. Anayeweza kutembea atembee, mwenye magongo atumie magongo, na asiyeweza atafute namna yake. Wale ambao shingo haikai ndio peke yao wenye ruhusa ya mgongo. Mama mzazi anafuata nyuma, amefunga mikono mgongoni kwake, palepale ambapo mtoto angekaa. Na mtoto akichukua saa nzima, ni saa nzima. Njia yenyewe ni nyembamba, huku ukuta na huku mtaro, na ndiyo hiyohiyo inayokwenda dispanseri. Basi wagonjwa wa malaria wanangoja. Wachukuzi wa kuni wanangoja. Padri amengoja na baiskeli yake, na amekiri kwamba si kila kilichopita moyoni mwake kilikuwa sala.

Bwana Sikuli, muuguzi mkuu, aliwahi kusimama dakika arobaini nyuma ya mtoto mmoja.

"Mama Sikitu, huyu hafanye mazoezi, anacheza na mududu!"

"Na weye si unacheza na saa?" akajibiwa.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, sista aliondoka na mfuko mmoja. Alimwachia Mama Sikitu ufunguo na kitabu cha mifupa cha Kifaransa, ambacho Mama hakuweza kukisoma, ila picha. Wiki ile ile chumba kikawa kitupu. Mambo mengi wakati wa Wabelgiji yalikuwa ya lazima: kulima kwa amri, kutengeneza barabara kwa amri. Mama wazazi walikuwa wamehesabu kunyoosha miguu katika fungu hilo hilo. Uhuru umekuja, walisema, kunyoosha kumekwisha. Watoto wote kumi na wanne hawakurudi, na mama zao walikuwa na furaha ya kweli.

Mama Sikitu alikaa peke yake mkekani siku nne. Ya tano alifunga mlango akaanza kupanda vilima, nyumba kwa nyumba, akiwakuta watoto jikoni na magoti yamekunjamana tena. Kila mlangoni alisema maneno yale yale:

"Babelgiji bameenda. Mushipa haukwenda. Leta mutoto."

Mwezi wa kumi walikuwa wamerudi kumi na wawili. Wawili waliobaki waliletwa wamechelewa mno, na magoti yao hayakunyooka tena mpaka leo. Mama Sikitu anapokuwa na hasira sana huwataja kwa majina.

Mwaka wa 1964 waasi waliingia mjini. Wafanyakazi walikimbilia milimani, na hapa hakuna atakayeandika nani alikimbia wa kwanza. Watoto watano hawakuwa wamechukuliwa na wazazi, kwa hiyo Mama Sikitu alibaki. Waasi walikuwa wameambiwa kwamba ndani kuna vyuma, nao walidhani ni silaha. Vilikuwa vyuma vya kufungia miguu ya watoto, na yale mabomba mawili. Wakati ule kila mtu alijua kwamba dawa yao ya vita ina masharti, na kwamba mojawapo ni kutoguswa na mwanamke. Mama Sikitu akasimama mlangoni akatandaza mikono, nguzo hadi nguzo.

"Mupite tu, batoto yangu. Lakini mulango ni mudogo na miye niko munene. Mutanigusa."

Walishauriana. Mmoja akapiga kelele: "Mama, toka hapo!"

"Nitoke niende wapi? Kazi yangu iko hapa. Na weye, ondosha kiatu mu njia, batoto banapitaka hapo."

Hawakuingia. Waliondoka na pipa la mawese lililokuwa nje, na mpaka leo hilo pipa ndilo asilolisamehe. Mkimwuliza habari za uasi, atawaeleza habari za mawese.

Baada ya vita walikuja askari wa serikali kutoka mikoa mingine. Mmoja wao ni Sajenti Mukendi, mtu wa Kasai, ambaye binti yake Julienne hasikii. Siku ya kwanza mkekani Julienne alitia haragwe jekundu puani. Sajenti alitaka kuita gari la jeshi. Mama Sikitu alimziba mtoto tundu la pili la pua, akamwonyesha jinsi ya kupuliza, na haragwe likampiga sajenti kwenye kifungo cha koti. Mama akalitia katika bakuli la mekundu, akamwambia Julienne aendelee. Leo Julienne ana miaka sita, anasema "papa" na "maji" na "hapana", hasa "hapana".

Tunafika sasa kwa Maliro, na kwa sababu ya mbuzi wawili.

Maliro ana miaka minne. Baada ya Pasaka alikuja kutoka Kyavinyonge juu ya kamio ya samaki, mgongoni kwa bibi yake, Koko Kavira, ambaye hakuwa amemshusha tangu homa ilipomwacha bila nguvu za miguu yote miwili. Mwezi wa saba alikuwa akisimama katikati ya mabomba mpaka tuhesabu kumi, na kwa magongo alifika hatua ya tano. Ndipo Mama Sikitu akatangaza kwamba hatatia sahihi karatasi ya kustaafu mpaka Maliro afike mlangoni mwenyewe. Bwana Sikuli alimkumbusha kwamba miguu ya mtoto haijui kalenda. Mama akasema hata yeye haijui. Sherehe ya Julai ikaanguka.

Ya Agosti iliangushwa na msaidizi mpya, na ni haki liandikwe. Siku moja ya mvua Maliro alifika hatua ya saba, gongo likateleza, akaanguka kifudifudi katika tope. Msaidizi alikuwa na mikono mgongoni kama ilivyoamriwa. Mikono ikafunguka yenyewe. Akamwokota, akamwingiza ndani, akamfuta uso. Tangu aanguke mpaka aokotwe, sekunde kumi hazikutimia.

Maliro si mjinga. Kuanzia kesho yake alikuwa akifika hatua ya saba, anakaa, anatupa magongo mtaroni, na kumnyooshea msaidizi mikono miwili. Kila asubuhi, mwezi mzima. Mama Sikitu hakugomba, na hilo lilikuwa baya kuliko kugomba. Alisema tu:

"Umemufundisha. Sasa umufundishe tena."

Waliogomba ni wengine. Kwaya iligomba kwa sababu ya nyimbo mpya ilizojifunza bure, mpishi kwa sababu ya mbuzi, na Bwana Sikuli alianza kumwita msaidizi "mademoiselle wa sekunde kumi" mbele ya wagonjwa. Lakini wote tulijua kilichokuwa hatarini. Maliro alikuwa anazidi kuwa mzito. Kama Mama angeondoka na kumwacha katika hatua ya saba, mikononi mwa mtu anayeamriwa naye kwa kilio, angebebwa na bibi yake mwaka mmoja, labda miwili, mpaka mgongo wa mzee ushindwe. Halafu angewekwa jikoni.

Jumatatu ya juma lililopita habari zilifika kwamba Kasimu ana homa kali. Mama Sikitu alipanda kamio kwenda Beni kumwuguza siku tatu. Alimwachia msaidizi ufunguo.

Jumatatu hiyo Maliro alikaa hatua ya saba saa moja na nusu, kisha bibi yake akamrudisha nyumbani. Jumanne mvua ilianza alipofika hatua ya saba, kana kwamba walikuwa wamepatana. Alikaa. Magongo yakaenda mtaroni. Mikono ikanyooshwa. Msaidizi alikuwa amesimama mbele yake, hatua mbili upande wa mlango, mikono mgongoni. Nyuma watu walijaa mpaka barabarani.

"Jokébed!" Bwana Sikuli aliita kutoka dirisha la dispanseri. "Kuna bagonjwa kumi na mbili nyuma ya huyu mutoto! Mumoja ana mimba!"

"Nzambe na ngai!" Sajenti Mukendi alimwita Mungu kwa Kilingala cha jeshi, akiwa amemshika Julienne chini ya koti lake. "Mademoiselle, hata kwa jeshi hatufanyake hivi. Beba huyu mwana, iishe!"

Koko Kavira alikuwa akilia na mikono yake mgongoni. "Nikimubeba, Mama Sikitu ataniua. Tukimuacha, mvua itamuua. Donc, basi, tuchague nani amuue nani."

Mama mjamzito akasema yeye haharakishi, ana miezi mitano tu, na watu waache kumtaja.

"Mubaya!" Maliro alimpigia msaidizi kelele. "Weye mubaya! Uso yako mubaya!"

Msaidizi hakujibu. Kwa kawaida kutojibu ni udhaifu wake, na shuleni walimwandikia hivyo katika ripoti. Siku ile kulimfaa. Alishika mkono mmoja kwa mwingine mpaka kucha zikaacha alama, akatazama kidevu cha Maliro, kwa sababu macho yake hangeweza kuyatazama.

Maliro alipoona mikono haiji, alikasirika kweli. Akageuka palepale alipokaa, akampa msaidizi mgongo ili asimwone tena. Kwa kugeuka hivyo, mgongo wake ukaelekea mlangoni. Akabana viganja chini, akajisukuma kwa hasira, na makalio yakarudi nyuma kiasi cha shubiri. Akajisukuma tena. Miguu ilimfuata kama mizigo ya mtu mwingine. Alimpita msaidizi bila kumtazama, akapita dimbwi lote, akawa anawatazama watu wale kumi na wawili wakiwa mbali zaidi na zaidi, na kila aliposukuma alisema "mubaya". Mpaka mgongo wake ukagonga mlango.

Alishtuka. Akainua shingo, akauona mlango kichwa chini.

"Fungua!" akasema.

Msaidizi akafungua.

Mama Sikitu alirudi Jumatano mchana, na vumbi la barabara ya Beni kwenye kilemba, Kasimu akiwa amepona. Akiwa bado amesimama nje akauliza:

"Alifika?"

"Alifika, Mama."

"Alifika na miguu?"

Neno linalofuata Padri atamsamehe msaidizi. Amejaribu kuliandika kwa namna nyingine mara tatu, na halikukaa.

"Hapana, Mama. Na matako."

Mama Sikitu aliketi juu ya ngazi. Tulidhani anaumwa. Alikuwa anacheka, bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, mpaka kilemba kikafunguka na akakitumia kufuta macho. Bwana Sikuli, ambaye ana miaka kumi na mmoja kazini naye, anasema hakuwahi kuona jambo hilo na hakulipenda.

"Miezi mitatu, Mama!" alisema. "Tumekungojea miezi mitatu, na mutoto hatembeye!"

"Na ile miguu atembee wapi bila magongo, Sikuli? Hiyo nilijua tangu Pasaka. Nilisema afike mwenyewe. Amefika." Kisha alimwambia msaidizi aonyeshe mikono. Aliigeuza, akaziangalia alama za kucha, akairudisha. "Leta kalamu," akamwambia Bwana Sikuli.

Alitia sahihi palepale juu ya ngazi, kwa herufi kubwa, na kando akaandika mwaka wa nne wa kuzaliwa.

Toka Jumanne ile Maliro anafika kila siku kwa namna yake, magongo yamelala mapajani. Kumfundisha kuyatumia tena ni kazi ya msaidizi kuanzia Jumatatu, nayo haitakuwa fupi. Koko Kavira ameshona kiraka cha ngozi nyuma ya kaptura yake.

Kwa niaba ya Padri, Bwana Sikuli, wafanyakazi wote, wazazi wa Butembo na Beni, na wote waliowahi kungoja katika njia ile, tunamshukuru Mama Sikitu. Tumehesabu katika daftari watoto mia mbili na sita waliopita mikononi mwake. Hatukuhesabu mara alizotukasirisha, kwa sababu daftari halikutosha.

Mama, kamio ya Kasimu inakungojea baada ya chakula. Tunakuomba upande leo hii na si kesho. Uende Beni salama, ulale mpaka jua litoke, unywe chai yako mpaka mwisho ikiwa bado moto, na barazani kwa kaka yako uketi kama mgeni, ikiwa unaweza. Asante kwa kila mguu, kila koo na kila haragwe. Mungu akupe uzee mrefu, na akupe majirani wenye subira nyingi.